Leonhard Euler na Namba Isiyogawanyika

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta humu maisha ya washairi, ya watunzi wa riwaya na ya wataalamu wa lugha. Safari hii naomba ruhusa nisimulie maisha ya mtu wa hesabu, Leonhard Euler, aliyezaliwa Uswisi mwaka wa 1707 na kufariki Urusi mwaka wa 1783. Nina sababu mbili za kumleta katika kitivo chetu. Ya kwanza ni kwamba alama nyingi ambazo mwanafunzi wa hesabu huziandika leo, awe Lubumbashi au Tokyo, ni yeye aliyezibuni au kuzieneza. Alisaidia kuunda maandishi yanayosomeka katika kila nchi bila mkalimani. Ya pili ni namba moja tu: 2 147 483 647.

Mwaka wa 1772 Euler alitangaza kwamba namba hiyo haigawanyiki kwa namba nyingine yoyote, isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Alipotangaza hayo alikuwa karibu kipofu kabisa. Zaidi ya miaka 250 imepita na hakuna aliyempinga, wala hatatokea. Sisi tunaosoma lugha hushinda tukibishana neno la nani liaminiwe: la mzee, la kitabu, la profesa au la mwenye jina kubwa. Nimeona katika maisha ya Euler jibu ambalo linatuhusu.

Neno tasa

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Namba kama 12 inagawanyika: ni 3 mara 4, au 2 mara 6. Namba kama 13 haigawanyiki. Shuleni kwetu wengi tulizisoma namba za aina hii kwa Kifaransa, ambako huitwa namba za kwanza. Kiswahili kimeziita namba tasa. Tunajua neno hilo lina uzito gani likitamkwa juu ya mwanamke katika jamii zetu, na jinsi linavyoumiza. Waliolichagua walitaka kusema kwamba namba hizo hazitoi kitu zikigawanywa.

Nionavyo, majina hayo mawili yanatazama kitu kimoja kutoka pande mbili. Kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa, imetokana na namba tasa zilizozidishwa pamoja, na kwa njia moja tu. 12 ni 2 mara 2 mara 3, na hakuna tasa nyingine zitakazokupa 12. Kwa hiyo hizi tunazoziita tasa ndizo mama wa namba nyingine zote. Kifaransa kimeona kwamba zinatangulia. Kiswahili kimeona kwamba hazipasuki. Mwanafunzi wa isimu atapata hapo kazi ya kufikiri.

Wala jambo hili si geni kwenye ardhi yetu. Mwaka wa 1950, huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20 000 hivi, na leo umehifadhiwa Brussels. Katika safu moja, mikato imekusanyika 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wataalamu hawakubaliani kama aliyezichonga alikusudia hivyo, na wapo wanaoona humo hesabu ya siku za mwezi. Lakini hakuna anayekanusha kwamba mtu fulani aliketi kando ya ziwa hilo akahesabu kwa uangalifu na kuweka alama ili zidumu.

Mtoto wa mchungaji

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, akakulia Riehen, kijiji kilicho jirani. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti, na alitamani mwanawe amfuate katika kazi hiyo. Mama yake, Marguerite Brucker, naye alitoka katika familia ya mchungaji. Kijana aliingia Chuo Kikuu cha Basel akiwa na miaka 13, akasoma falsafa, teolojia, Kigiriki na Kiebrania.

Basel wakati huo ilikuwa na ukoo wa Bernoulli, ukoo uliozaa wanahisabati wengi kama vile koo zetu nyingine zinavyozaa wahunzi. Euler alimwendea Johann Bernoulli akitaka kufundishwa faraghani. Profesa hakuwa na nafasi, ila alimpa ushauri: asome vitabu vigumu peke yake, na Jumamosi alasiri aje na yale yaliyomshinda. Kijana alitumia juma zima kupunguza maswali yake ili Jumamosi asimchoshe mzee. Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga. Euler alijifunza pia kuuliza kidogo na kwa maandalizi. Bernoulli ndiye aliyemshawishi baba akubali kwamba mwanawe hakuumbwa kwa ajili ya mimbari.

Mwaka wa 1727, akikaribia kutimiza miaka 20, aliondoka Uswisi kwenda Saint Petersburg, mji mkuu mpya wa Urusi, ambako Akademia ya Sayansi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Hakurudi tena kuishi kwao. Alijifunza Kirusi, jambo ambalo wageni wengi wa Akademia hawakujishughulisha nalo. Mwaka wa 1733 alikabidhiwa kiti cha hisabati, na Januari 1734 akamwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji mwenye asili ya Uswisi. Walizaa watoto 13. Wanane walifariki wangali wadogo.

641

Huko Petersburg ndiko alikokutana na namba ya kwanza kati ya mbili ninazotaka kuzisimulia.

Karne moja nyuma aliishi Toulouse, Ufaransa, mwanasheria aliyeitwa Pierre de Fermat, mmoja wa watu hodari kabisa waliowahi kushika namba. Fermat alitazama mfululizo huu: 3, 5, 17, 257, 65 537. Kila namba hupatikana kwa kuichukua iliyotangulia, kutoa 1, kuizidisha kwa yenyewe, kisha kuongeza 1. Zote tano ni tasa. Fermat aliamini kwamba zitakazofuata zitakuwa tasa milele, akawaandikia wenzake hivyo mara kadhaa, ingawa hakuwa na uthibitisho. Inayofuata ni 4 294 967 297. Nani angeigawanya?

Jina la Fermat lilitosha kuwanyamazisha watu. Desemba 1729, rafiki wa Euler aitwaye Christian Goldbach alimwandikia barua na kumwuliza kama anaijua kauli hiyo. Mwanzoni Euler hakuvutiwa sana. Baadaye swali lilimkaa kichwani, na mwaka wa 1732 alitoa jibu: 4 294 967 297 ni 641 mara 6 700 417. Kauli ya Fermat ilianguka hapo hapo. Euler alikuwa na miaka 25.

Ninachokipenda ni njia aliyopita. Hakujaribu kila namba moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta funguo gizani. Alitambua kwamba namba tasa yoyote inayoweza kuigawanya ile ya Fermat ni lazima, ukitoa 1, igawanyike kwa 64. Hivyo zinazostahili kujaribiwa ni chache: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ya tano ndiyo iliyopasua ukuta. Msomaji mwenye kalamu anaweza kuzidisha mwenyewe sasa hivi. Haitamchukua dakika tatu. Na hilo ndilo jambo lenyewe. Kijana asiye na sifa alimsahihisha mkubwa aliyekuwa na sifa zote, na hakuhitaji kelele wala cheo. Alihitaji tu kuonyesha mzidisho ambao hata mtoto wa shule anaweza kuukagua.

Fermat hakupungukiwa heshima kwa sababu hiyo. Euler mwenyewe aliendelea kumsoma maisha yake yote na akathibitisha mambo mengi ambayo Fermat aliyaacha bila uthibitisho. Kumsahihisha mzee na kumheshimu vilikaa pamoja katika mtu mmoja.

Mtunga alama

Mwaka wa 1735 Euler alijulikana Ulaya nzima kwa kutatua fumbo lililowashinda wakubwa wa Basel: ukijumlisha 1, robo, sehemu ya 9, sehemu ya 16 na kuendelea hivyo bila mwisho, unapata nini? Mwaka huo huo homa kali ilikaribia kumwua. Mwaka wa 1738 jicho lake la kulia lilipoteza nuru. Katika picha zake za baadaye mchoraji hakuficha jicho hilo.

Ni katika miaka hiyo ya Petersburg na ile iliyofuata ndipo alipotoa alama ambazo tunazitumia bila kumkumbuka. Herufi f ikifuatwa na mabano, kwa maana ya kitu kinachotegemea kingine, ni yake. Herufi e kwa ile namba inayoanza na 2,718 ni yake. Herufi kubwa ya Kigiriki sigma kwa jumla, na herufi i kwa kipeuo cha pili cha 1 hasi, ni zake pia. Ile π ya duara ilitangulia kutumiwa na William Jones wa Wales mwaka wa 1706, lakini ni Euler aliyeifanya iwe ya wote. Sisi tunajua jinsi ilivyo vigumu kuwafanya watu wakubali istilahi moja; kamusi ngapi zimetungwa na kuachwa kabatini! Alama za Euler zilikubaliwa kwa sababu alizitumia mwenyewe katika vitabu vilivyoeleweka. Istilahi haikutangulia kazi, ilikuja ndani ya kazi.

Berlin na jicho moja

Mwaka wa 1741 siasa za Urusi zilikuwa zimechafuka, na Euler alikubali mwaliko wa Friedrich II, mfalme wa Prussia. Alikaa Berlin miaka 25. Aliandika kwa Kilatini na kwa Kifaransa, lugha ya Akademia ya huko. Nyumbani alisema Kijerumani cha Basel, na kwa barua aliendelea kuihudumia Urusi, iliyozidi kumlipa.

Mfalme hakumpenda. Alipenda watu wa ulimi mwepesi, wenye dhihaka na mashairi ya Kifaransa, naye Euler alikuwa mtu wa ibada, mwenye kusema wazi na asiyejua kuchekesha mezani. Friedrich alimdhihaki hata kwa jicho lake moja. Lakini huyo huyo aliyeonekana hana ulimi aliandika, kati ya 1760 na 1762, barua zaidi ya 200 kwa Kifaransa kumfundisha binti wa kifalme sayansi na falsafa: mwanga, sauti, nyota, mantiki. Barua hizo zilipochapishwa zilisomwa kote Ulaya na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Wale wanaosema kwamba mtu wa hesabu hajui kuandika wazisome.

Mwaka wa 1766 alichoka na Berlin, akaitikia mwito wa malkia Catherine II na kurudi Petersburg akiwa na miaka 59.

Imla

Mara tu baada ya kurudi, jicho la kushoto nalo likaingiwa na mtoto wa jicho. Mwaka wa 1771 alifanyiwa upasuaji. Kwa muda mfupi aliona, kisha jeraha likapata uchafu na nuru ikazimika. Mwaka huo huo moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mji pamoja na nyumba yake. Mtumishi mwenye asili ya Basel, Peter Grimm, aliingia ndani ya moshi na kumtoa mzee mgongoni. Maandishi yaliokolewa. Miaka miwili baadaye mke wake Katharina alifariki.

Mtu mwingine angenyamaza. Euler akageukia imla. Alitamka, na wengine wakaandika: mwanawe Johann Albrecht, na vijana wa Akademia kama Lexell, Krafft na, kuanzia 1773, Nicolas Fuss aliyeletwa kutoka Basel. Alipotaka kuonyesha hesabu, alichora tarakimu kubwa kwa chaki juu ya kibao. Karibu nusu ya kazi zake zote, ambazo zinapita 800, zilizaliwa katika miaka hiyo ya giza. Mwaka wa 1772, mwaka wa namba yetu, alitoa pia kitabu kinene kuhusu mwendo wa mwezi.

Kitabu chake cha aljebra, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka wa 1770, kina historia ambayo mwalimu yeyote angeitamani. Inasimuliwa kwamba alimtamkia kijana aliyekuwa amejifunza ushonaji na aliyejua hesabu za kawaida tu. Sharti lilikuwa kijana aelewe kila hatua kabla ya kuendelea. Walipofika mwisho, mshonaji alikuwa anatatua mafumbo ya aljebra peke yake. Naamini ndiyo sababu kitabu hicho kinasomeka hadi leo: kila sentensi yake ilipita kwanza katika sikio la mtu ambaye si mtaalamu.

Na kumbukumbu yake! Alikuwa amehifadhi utenzi wa Kilatini wa Virgil, ule wa Aeneas, kutoka mwanzo hadi mwisho, na aliweza kutaja mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila ukurasa wa nakala aliyoisoma ujanani. Sisi tuliokulia kati ya wasimulizi wa ngano na nasaba hatushangai sana. Tunajua kichwa cha mtu kinaweza kubeba nini pale kitabu kinapokosekana.

2 147 483 647

Sasa tuifikie namba. Andika 2 mara 31, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Utapata 2 147 483 647. Mwaka wa 1644 padre Marin Mersenne wa Paris alikuwa amechapisha orodha ya namba za aina hiyo alizozidhani kuwa tasa, na ya 31 ilikuwamo. Hakuonyesha uthibitisho. Si kila namba ya aina hiyo ni tasa: ya 11, yaani 2047, ni 23 mara 89.

Namba hizo zilitafutwa kwa hamu kwa sababu ya urafiki wake na namba timilifu. Namba ni timilifu ikiwa vigawanyo vyake, bila yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. 6 ni 1 na 2 na 3. 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid alikwisha onyesha zamani kwamba kila namba tasa ya aina hii huzaa namba timilifu. Euler akathibitisha upande wa pili: kila namba timilifu inayogawanyika kwa 2 imezaliwa hivyo, wala haina njia nyingine.

Alijuaje kwamba 2 147 483 647 ni tasa? Tufuatane polepole. Kama ingegawanyika, kigawanyo chake kidogo kabisa kingekuwa namba tasa isiyozidi 46 340, kwa kuwa 46 341 mara yenyewe tayari inaipita. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4 700. Kuzijaribu zote ni kazi ya kumtoa mtu jasho, sembuse kipofu. Lakini kama zamani kwa 641, Euler alichuja kwanza. Chujio la kwanza: namba tasa inayoigawanya ni lazima, ukitoa 1, igawanyike kwa 31; na kwa kuwa si shufwa, igawanyike kwa 62. Msomaji atazame 2047 hapo juu: 23 ukitoa 1 ni 22, na 89 ukitoa 1 ni 88, zote zinagawanyika kwa 11. Chujio la pili: ukiigawanya kwa 8, baki lake ni lazima liwe 1 au 7. Unganisha vyote viwili, na zinabaki zile tu ambazo ukizigawanya kwa 248 zinaacha 1 au 63.

Hadi 46 340, namba zinazofaulu mtihani huo, ukianzia 249, ni 372. Na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo huzirukia. Ya kwanza kujaribiwa ni 311: inaacha baki la 35. Inayofuata ni 1303: inaacha 226. Na kuendelea hivyo hadi mwisho, hakuna hata moja inayogawanya bila baki. Basi namba ni tasa. Euler aliyaeleza hayo mwaka wa 1772 katika barua fupi kwa mmoja wa ukoo wa Bernoulli, ukoo ule ule wa Jumamosi za Basel.

Kuna jambo nililoligundua nilipoziweka namba hizo mbili pamoja, nalo linanifurahisha. Zidisha 2 147 483 647 kwa 2, uongeze 3: utapata 4 294 967 297, ile ya Fermat. Ni jirani kabisa. Moja aliivunja akiwa kijana mwenye macho mawili. Ya pili, akiwa mzee asiyeona, alithibitisha kwamba haivunjiki. Katika zote mbili kauli ya mkubwa ilitangulia, Fermat kwa moja na Mersenne kwa nyingine. Mmoja alikosea, mwingine alipatia. Euler hakuwauliza majina yao. Alizipitisha kauli zao katika chujio lile lile. Orodha ya Mersenne pia ilikuja kuonekana ina kasoro: ya 67, aliyoiita tasa, mwaka wa 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha vigawanyo vyake viwili, 193 707 721 na 761 838 257 287.

Baada yake

Namba ya Euler ilimzaa ndugu mkubwa, 2 305 843 008 139 952 128, namba timilifu ya 8. Mwaka wa 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna atakayepata timilifu kubwa zaidi, kwa maana zina udadisi tu na hazina faida, na hakuna atakayejisumbua. Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha ile ya 127, yenye tarakimu 39, kwa njia mpya isiyotafuta vigawanyo kabisa. Utabiri wa Barlow ulikwisha hapo.

Na faida ikaja kutoka mahali ambapo Barlow asingeweza kupaona. Kompyuta nyingi huhifadhi namba nzima katika nafasi 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa, zilizobaki 31 zikiwa za namba yenyewe. Namba kubwa kabisa inayoenea humo ni 2 147 483 647. Mitambo mingi ya zamani huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Nafasi yao itajaa tarehe 19 Januari 2038, na kama haijarekebishwa itadhani imerudi mwaka wa 1901. Wahandisi wanaihangaikia sasa namba ambayo kipofu wa Petersburg aliijua vigawanyo vyake vyote viwili.

Sekunde hizo zinatupa pia kipimo cha ukubwa wake. Mtu akihesabu namba moja kila sekunde, bila kulala, ataifikia baada ya miaka 68 na siku 18 hivi. Nimejaribu kuyapima maisha ya Euler kwa kipimo hicho: sekunde yake ya 2 147 483 647 tangu azaliwe iliangukia mwanzoni mwa Mei 1775. Wakati huo alikuwa akitamka maandishi mapya karibu moja kwa kila juma.

Tarehe 18 Septemba 1783 alimpa mjukuu wake somo la hesabu, akala chakula cha mchana na familia, akazungumza na Lexell kuhusu njia ya Uranus, sayari iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu nyuma. Kisha mshipa wa kichwani ukapasuka, naye akafariki usiku huo akiwa na miaka 76. Amezikwa Saint Petersburg. Uswisi ilianza kuchapisha mkusanyo wa kazi zake mwaka wa 1911, na umepita juzuu 80.

Ndugu msomaji, sitaki kumaliza kwa kukuambia uache fasihi ukasome hesabu. Nasema tu kwamba katika kitivo chetu tunaandika kurasa nyingi zinazoegemea majina: fulani amesema, fulani amekanusha. Jina ni kitu chema, nalo hutuelekeza pa kutazama. Lakini 641 haikuwa na jina, na ilitosha. Mara nyingine utakapokuta katika kitabu chochote, hata cha Kiswahili, hata cha mtu unayemheshimu mno, kauli kuhusu ngeli, kuhusu asili ya neno au kuhusu mizani ya shairi, ichukue uihesabu mwenyewe. Huenda ikasimama, kama ile ya Mersenne kuhusu 31, na hapo utaiamini kwa haki. Huenda ikaanguka. Kwa vyovyote vile, wewe ndiye utakayejua.